Naomba ushauri: epoksi hailowi vizuri kwenye faiba

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na faiba (nyuzi za kioo zinazolowekwa resini). Natengeneza boti ndogo za uvuvi hapa Tanga, siku zote natumia resini ya polyesta (kimiminika kinachoganda kikawa kigumu) na ile mati ya nyuzi fupifupi, inalowa fasta, weupe unapotea mpaka unaona mbao chini. Sasa kuna mteja anataka resini ya epoksi maana inashika mbao kuliko polyesta, na mati ileile imegoma, unapiga rola mpaka mkono unauma lakini vinabaki vidoa vyeupe na vipovu, ikishakauka ukigonga na kucha unasikia kabisa hapa ni patupu.

Ninavyoelewa ile gundi inayoshika nyuzi za mati nyingi inayeyushwa na stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye polyesta, epoksi haina stairini ndo maana mati inabaki ngumu hailali kwenye kona. Kwa hiyo nataka nihamie kitambaa cha kusuka chenye sileni (dawa inayopakwa kwenye nyuzi ili resini izishike) inayopatana na epoksi. Je kwa kazi ya mkono nichukue cha gramu 200 au 300 kwa mita ya mraba?

Halafu joto, epoksi ikipashwa inakuwa nyepesi ila inawahi kuganda kwenye kopo, kuna anayeweka resini kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kutia hadena (ile sehemu ya pili inayoigandisha)? Kuzimua na asetoni sitaki, inadhoofisha kazi na humu wanapanda watu kwenda baharini. Na hadena ya polepole kwa Tanga au Dar mnaipata wapi?