Nondo kwenye madirisha ya mabweni: zitolewe au zibaki?

Mzazi wa Nanguruwe
Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za jioni. Jumamosi tuna kikao cha wazazi kwenye sekondari ya serikali anakosoma binti yangu, yuko kidato cha tatu, analala bweni. Ajenda kubwa ni nondo za madirisha. Bweni lina wasichana themanini na kitu, mlango mmoja, na saa nne usiku mlango wenyewe unapigwa kufuli kwa nje. Mimi nataka nondo zitolewe. Wenzangu wanasema nikizitoa nimewakaribisha wezi na wavulana. Nisaidieni mawazo, maana tangu nilione lile kufuli usingizi umekata.

Mmakonde wa Newala
Zibaki. Shule moja ya huku zilitolewa upande mmoja wakati wa ukarabati, wiki haikuisha magodoro matatu na matranka ya watoto yakaondoka. Moto unatokea mara moja kwa miaka kumi, mwizi anapita kila mwisho wa mwezi. Mtoto wa kike analindwa.

Binti Mikindani
Kaka, "mara moja kwa miaka kumi" unaitamka kama unasoma kalenda. Shauritanga mwaka 1996 walikufa wasichana arobaini na ushei usiku mmoja. Idodi nako walikufa. Hao hawakulindwa?

Mwalimu Mstaafu
Shauritanga ni Juni 1994, mwanangu, kule Rombo. Idodi, Iringa, ni Agosti 2009, wasichana 12, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa. Kyerwa ni Septemba 2020, watoto 10. Tuitaje vizuri miaka hii, wazazi wao wapo na wanasoma.
Kuhusu nondo, mfano ulio wazi ni Kyanguli, Machakos, mwaka 2001: wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje, na isifungwe wanafunzi wakiwa ndani.

Mwera wa Nyangao
Shikamoo Mwalimu. Lakini Septemba 2024 kule Nyeri wamekufa watoto 21 na mwongozo upo kabatini. Karatasi haizimi moto. Mimi naona tatizo ni sisi wazazi wa kusini. Msimu wa korosho ukifunguliwa mtu ananunua bodaboda mbili na bati za nyumba ya mke mdogo. Mwombe elfu tano ya mtungi wa kuzimia moto, atakuimbia elimu bure mpaka koo limkauke.

Mmakonde wa Newala
Hapo umevuka mpaka. Mke mdogo wa nani? Unajua salfa ya mikorosho inauzwaje? Unajua kupalilia, kupulizia, kuokota, halafu unasubiri mnada? Msimu wa 2018 bei ilitangazwa 3,300 kwa kilo, mimi hela yangu niliisubiri miezi, na mwanangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa godoro. Na kijijini kwetu tunakatwa kwa kila kilo hela ya madawati. Usitufundishe uzazi.

Mwera wa Nyangao
Sijamtaja mtu. Aliyeguswa kajigusa mwenyewe.

Mke wa Pili, Tandahimba
Mimi ni mke mdogo. Nyumba yangu nimeezeka kwa korosho zangu mwenyewe, na watoto wawili wa mke mwenzangu nawalipia mimi hela ya chakula cha shule. Tafuta mfano mwingine.

Kijana wa Chuno
Hongera mama. Nirudi kwenye "elimu bure", maana inasemwa vibaya. Waraka namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, haukumkataza mzazi kuchangia kwa hiari. Ruzuku ni 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na 10,000 kwa wa msingi. Kwa hela hiyo chaki inunuliwe, mitihani ichapwe, na mlango wa dharura utobolewe?

Mmakonde wa Newala
Basi mwambie huyo Mwera, si mimi.

Zimamoto Mstaafu
Nimefanya kazi hii miaka mingi, naomba nisikilizwe kidogo. Namba ni 114, wafundisheni watoto. Lakini kutoka mjini gari likisafiri mpaka huko vijijini, linakuta kuta. Magodoro ya sponji yanatoa moshi mweusi, na moshi unaua kabla moto haujamfikia mtu. Dakika za mwanzo ni zenu wenyewe. Sisemi toeni nondo zote. Kila upande chagueni madirisha mawili makubwa, nondo zake zifungwe kwenye bawaba zifunguke kwa nje, komeo liwe kwa ndani, kufuli hapana. Tobolea mlango wa pili upande wa mbali na ule wa kwanza. Ndoo za mchanga, kwa sababu maji ya Newala na Tandahimba mnayajua. Halafu fanyeni zoezi usiku, si saa nne asubuhi wakati watoto wamevaa viatu.

Mwera wa Nyangao
Mzee, heshima kwako. Ila "linakuta kuta" ni kweli kabisa. Lindi Sekondari iliungua Julai 2016, nayo iko mjini.

Binti Mikindani
Mnazungumza mabweni tu. Watoto wetu wa Mikindani walikufa kwenye gari la shule, Julai 2022, pale Mjimwema, gari limetumbukia kwenye shimo. Watu zaidi ya kumi. Napita pale kila siku nikienda sokoni. Kuna mtu anakagua breki?

Kijana wa Chuno
Dada pole, ile siku mji mzima ulinyamaza. Na vimbunga je? Aprili 2019 tulifungiwa shule kwa ajili ya Kenneth, kikaenda kupiga Msumbiji. Toka siku ile nani ameambiwa kimbunga kikija mtoto aende darasa lipi?

Mmakonde wa Newala
Bibi yangu alikuwa anasimulia cha 1952 kilichopiga Lindi, minazi imelala kama nyasi.

Matroni
Nimewasoma tangu juzi nikanyamaza. Mimi ndiye ninayefunga hilo kufuli, si la Nanguruwe, la kwingine, lakini ni lilelile. Mwaka juzi msichana mmoja alipata ujauzito. Niliitwa mara tatu kueleza alitokaje nje. Hakuna hata siku moja niliyoitwa kuulizwa watatokaje moto ukiwaka. Kwa hiyo nafunga.
Mwezi uliopita nilijaribu mwenyewe, bila kumwambia mtu. Saa saba usiku nikazima taa, nikafungua kufuli, nikapiga ringi. Wakasukumana mlangoni maana unafunguka kwa ndani, wa mbele hawakupata nafasi ya kuuvuta. Wengine walirudi kuchukua khanga. Mmoja nilimkuta chini ya kitanda, anasema alidhani ni wezi. Mpaka wa mwisho anatoka zilipita dakika tisa, na hapo kufuli lilikuwa mkononi mwangu. Siku hizi funguo nalala nayo shingoni. Moshi ukinipata mimi kwanza, sijui nani ataitafuta.

Mwalimu Mstaafu
Matroni, asante kwa kulisema. Nimekuwa mkuu wa shule miaka kumi na moja na sikuwahi kufanya ulichofanya wewe usiku ule.

Kijana wa Chuno
Dakika tisa?

Mwera wa Nyangao
Hilo la mlango kufunguka kwa ndani si la hela nyingi. Fundi anageuza fremu siku moja. Mimi natoa mfuko mmoja wa simenti kwa shule ya Nanguruwe, japo si kwetu.

Mmakonde wa Newala
Unatoa simenti baada ya kututukana.

Mzazi wa Nanguruwe
Nimeshika la Zimamoto na la Matroni. Jumamosi saa tatu, kabla ya kufungua kikao, nitaomba wazazi tusimame nje ya bweni, mapazia yateremshwe, wasichana walale vitandani, kisha ringi ipigwe. Kila mzazi ashike saa yake. Nondo tutazijadili baada ya hapo. Ninachotafuta sasa ni fundi wa grili anayejua kufunga bawaba, awe wa Nanguruwe au Mtwara mjini, aje na kipimo siku hiyohiyo.

Mmakonde wa Newala
Fundi yupo Magomeni, shemeji yangu, nakutumia namba yake faragha. Na Mwera bado hajafuta ile kauli ya mke mdogo.