Hivi Carlo Bergonzi alitokaje baritoni mpaka akawa teno?

sikio_kubwa:
Wakuu habari zenu. Wiki nzima hii nasikiliza Aida, opera ya mtunzi wa Kiitaliano Verdi, ile iliyorekodiwa 1959, Karajan ndo anaongoza okestra, Renata Tebaldi ni Aida na Radamès ni Carlo Bergonzi. Mi kwenye mateno, wale wa sauti ya juu ya kiume, nilikuwa namjua Pavarotti na Caruso kidogo, huyu sikuwahi kumtilia maanani, sasa kanishika kweli kweli, kila nikimaliza naanza upya. Halafu nikasoma kwamba alianza kama baritoni! Inawezekanaje mtu apande jukwaani miaka kadhaa na sauti ya kati halafu aje kuwa teno wa namna hii? Nani alimfundisha? Na mbona hatajwi sana?

noti_ndefu:
Umegusa penyewe mkuu. Bergonzi kazaliwa Julai 1924 kijiji cha Vidalenzo, kaskazini mwa Italia, pua na mdomo na Busseto alikokulia Verdi. Baba yake alikuwa mtengeneza jibini. Alisomea sauti Parma, wakamwambia we ni baritoni, mara vita ikaingia, akakamatwa akawekwa kambi ya wafungwa ya Wajerumani. Aliporudi akaendelea na masomo, na 1948 akaimba Figaro kwenye opera ya Il barbiere di Siviglia kule Lecce, kama baritoni bado.

Sasa swali lako la mwalimu ndo linanifurahisha, manake kwenye kubadilika hakuwa na mwalimu. Alijifundisha mwenyewe kimya kimya, anasikiliza santuri za mateno kama Caruso, Gigli, Schipa na Pertile, anapima koo lake taratibu mpaka akajua noti za juu anazo. Januari 1951 akatokea Bari na opera ya Andrea Chénier, teno kamili. Na bahati ikamkuta yuko tayari, mwaka huohuo ilikuwa miaka 50 toka Verdi afariki, redio ya Italia RAI inarusha opera zake hata zile zisizoimbwa mara kwa mara, wakamwita, akaimba Giovanna d'Arco, I due Foscari na nyingine.

pumzi_ya_chini:
Naongezea hapo kwenye ubaritoni, watu wanauchukulia kama miaka iliyopotea, mi naona ndo mtaji wake. Mateno wengi wana juu pazuri ila katikati pamepwaya, na Verdi anamwandikia teno maneno mengi sana hapo katikati, pale sauti inapovuka kwenda juu, ukilazimisha kwa nguvu miaka kumi koo kwisha. Bergonzi alipita hapo kama mtu anayevuka mlango wa nyumbani kwake. Msikilize anavyounganisha noti, pumzi moja sentensi nzima, hakati neno katikati, na haongezi kelele ili umwone. Ndo maana aliingia jumba la opera la Metropolitan pale New York 1956 na bado alikuwa anaimba hapo 1988, maonyesho zaidi ya 300. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

jukwaa_kwanza:
Samahani wakuu, sauti sibishi, ila opera si sauti peke yake. Bergonzi jukwaani alikuwa anasimama tu, mfupi, mnene kidogo, mikono miwili basi. Zama zilezile kulikuwa na teno Franco Corelli, mrefu, mzuri wa sura, sauti inatikisa ukumbi, sasa watu wakakimbilie wapi? Na Pavarotti yeye alipata kuimba kwenye Kombe la Dunia la 1990 kule Italia, hata asiyejua opera akamjua. Bergonzi hakupata kitu kama hicho.

pumzi_ya_chini:
@jukwaa_kwanza hapo kwenye kuigiza nakubali, na hata waliompenda walikuwa wanasema hivyohivyo. Lakini fumba macho usikilize anavyomwimba Riccardo kwenye Un ballo in maschera ya Verdi, utajua huyu mtu anapenda, anaogopa, anasamehe, yote yako kwenye sauti. Kuigiza kwake kulikuwa humo.

noti_ndefu:
Kuna jambo linaniuma mpaka leo. Mwaka 2000, ana miaka 75, alikubali kuimba Otello ya Verdi kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Teno wa Verdi maisha yake yote ila Otello nzima hakuwahi kuimba mbele ya watu. Ukumbi umejaa, na sauti ikamgomea, baada ya sehemu ya pili hakuweza kuendelea, mwingine akamalizia. Kuna wanaosema hakupaswa kujaribu, mi siwezi kumlaumu, mtu kasubiri wimbo wake karibu miaka 50. Alifariki Milan Julai 2014, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 90.

sikio_kubwa:
Aisee hiyo ya Otello imeniingia. Asanteni sana wote. Sasa nikimaliza Aida niende wapi?

pumzi_ya_chini:
Ballo hiyohiyo mkuu, kairekodi mara mbili, moja Solti akiongoza okestra na Birgit Nilsson akiimba Amelia, nyingine ya 1966 Leinsdorf akiongoza, Leontyne Price ndo Amelia. Chukua ya 1966. Halafu tafuta mkusanyiko wake wa arya (nyimbo za mwimbaji mmoja ndani ya opera) 31 za teno za Verdi aliourekodi miaka ya 70, usiusikilize wote kwa mkupuo, mbili tatu kwa siku. Na kule Busseto alifungua hoteli na mgahawa wake mwenyewe, akaupa jina la I due Foscari, ileile opera aliyoimba redioni 1951.