Sufuria ya presha ya umeme, gesi au babula bora: kipi kitatupikia maharage na sombe hapa Bukavu?

Nyumba_ya_Ibanda
Habari za jioni, wapishi wenzangu. Mimi na mume wangu tumeweka akiba ya dola 90 ya kununulia kifaa kimoja cha jikoni mwezi huu, na ningependa kusikia ushauri wenu kabla sijashika njia ya sokoni. Tumeamua kupunguza vya kukaanga na mikate ya kila asubuhi, ili tule maharage, sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), viazi vitamu na makemba (ndizi za kupika) karibu kila siku. Nimebaki na mambo matatu ya kuchagua: sufuria ya presha ya umeme ya lita 6, jiko dogo la gesi na mtungi wake, au babula mbili, yaani majiko ya makaa, zile zenye udongo ndani, kisha fedha itakayobaki niinunulie makala (makaa). Ninyi mngechukua kipi?

Mama_Kadutu
Karibu, binti yangu. Umetuletea chungu kilichofunikwa na unatuuliza kama kimeiva. Mko watu wangapi? Umeme ni wa mita yenu wenyewe au mnagawana na wapangaji wengine? Nani anabaki nyumbani mchana wa kuangalia moto? Bila hayo tutakushauri kana kwamba sote tunaishi katika nyumba moja.

Fundi_wa_Panzi
Naunga mkono maswali ya Mama, na ninaongeza langu: disjonkta yenu, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ni ya ampea ngapi? Sufuria ya lita 6 huvuta karibu wati 1000, yaani ampea nne na nusu hivi, na pasi ya jirani huvuta kiasi kama hicho au zaidi. Vikiwashwa pamoja kwenye disjonkta ndogo, nyumba nzima huingia gizani na maharage hubaki magumu.

Wa_Kenya
Kwanza nieleze kwamba Kenya yangu ni komuni ya Lubumbashi, kwa sababu kila nikiandika mahali watu huniuliza habari za Nairobi. Dada, chukua gesi. Nilipikia mbabula miaka kumi na miwili, na kila jioni nilipepea nusu saa kabla ya kuona moto wa maana. Mboga za majani zinataka moto unaotii mkono. Unaosha lengalenga, unazikatakata, unaziingiza kwenye kitunguu na nyanya, unafunika kwa dakika tano, unazima, nazo hubaki kijani. Kwenye makala huwezi kuzima, kwa hiyo mboga huendelea kuiva hadi inakuwa kama uji mweusi, na vitamini C, ambayo haivumilii moto mrefu, inakuwa imeshapotea.

Mwalimu_wa_Kabare
Ndugu wa Lubumbashi amesema kweli kuhusu majani, lakini mwenye swali ametaja maharage kwanza. Ninafundisha sayansi, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji yetu huchemka karibu nyuzi 95, wala hayafiki 100 hata ukiongeza makala mpaka babula iwe nyekundu. Ndiyo maana maharage ambayo mtu wa pwani anayapika saa moja na nusu, sisi tunakaa nayo alasiri nzima. Sufuria ya presha huuzuia mvuke usitoke, joto la ndani likapanda kupita nyuzi 110, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa chini ya nusu saa. Gesi ni moto mzuri, lakini haiwezi kubadilisha urefu wa milima.

Naomba pia asiyeloweka aanze kuloweka, na maji ya kulowekea ayamwage, maana ndani yake kuna sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo hewa. Na tusiendelee kutia magadi ili maharage yalainike haraka. Ni kweli yanalainika, lakini magadi huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya sababu za kula maharage tangu mwanzo.

Nyumba_ya_Ibanda
Asanteni, na mnisamehe kwa kuandika nusunusu. Tuko watu tisa. Mama mkwe wangu anaishi nasi, ana presha pamoja na ugonjwa wa sukari, na kwa kweli yeye ndiye sababu ya mabadiliko haya. Mita ni moja kwa kaya nne, na disjonkta imeandikwa 10. Mimi hutoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Anayebaki nyumbani ni mama mkwe, ambaye anapika vizuri kuliko mimi, lakini hawezi tena kuinama mbele ya babula.

Fundi_wa_Panzi
Dada, taarifa hizo zingekuwa kwenye mstari wa kwanza! Ampea 10 kwa kaya nne ni kama njia moja kwa magari manne. Hata hivyo sufuria hii haivuti umeme wote muda wote. Ikishapata joto huwaka na kuzima yenyewe, na umeme ukikatika katikati ya mapishi, maharage huendelea kuiva kwa joto lililofungiwa ndani. Ongea na majirani mpange saa za pasi.

Shaka yangu iko kwenye ukubwa. Maharage hutoa povu, kwa hiyo hayatakiwi kupita nusu ya sufuria. Kilo moja ya maharage makavu ikilowekwa hufika zaidi ya kilo mbili, na ukiongeza maji, lita 6 kwa watu tisa ni shida.

Mama_Kadutu
Hilo la nusu ya sufuria nilijifunza kwa ngozi yangu. Nilinunua sufuria ya presha, ile ya kuweka juu ya moto, kwa mwanamke aliyekuwa anahama mtaa wetu. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekauka na kupasuka upande mmoja kama kisigino cha mkulima, lakini yeye akaniambia ndivyo ulivyo, nami nikaamini kwa kuwa bei ilikuwa tamu. Siku ya kwanza kuitumia tulikuwa na kilio, wageni wanatoka Walungu, basi nikajaza maharage karibu na ukingo na kuyaweka juu ya babula inayowaka vizuri. Ikapiga filimbi, nikafurahi. Baadaye ikanyamaza, nikajua imemaliza kazi, kumbe ganda la haragwe lilikuwa limeziba tundu la mvuke. Nikashika mpini kwa kitambaa nikaulazimisha.

Mfuniko uliruka ukapiga bati. Maharage yalibandika ukutani, kwenye kalenda, kwenye nguo za kilio zilizokuwa zimeanikwa mlangoni, na mkono wangu wa kushoto uliungua kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Kwa wiki tatu sikusonga bugali. Wageni walikunywa chai na mikate, na shemeji yangu mmoja bado hunitania kwamba kilio kile kilikuwa na baruti. Miezi kadhaa baadaye mume wangu alipanda kurekebisha bati, akakuta haragwe moja limekauka juu ya mbao. Kwa hiyo mimi, binti yangu, bado napikia chungu cha udongo, na ninakaa mbali na kila kitu kinachofungwa kwa komeo.

Fundi_wa_Panzi
Pole sana, Mama. Lakini tuseme haki: uliponzwa na mpira uliochakaa, na kujaza kupita kiasi, na kufungua kabla mvuke haujaisha. Sufuria nyingi za umeme za siku hizi zina kifungo kisichokubali mfuniko ufunguke presha ikiwa bado ndani. Mnunuzi aukague mpira, apulize kwenye tundu la mvuke kuona kama liko wazi, na asichukue iliyotumika.

Mama_Kadutu
Kifungo nacho huchakaa, mwanangu.

Mjukuu_wa_Idjwi
Mbona hakuna aliyetaja kikapu? Bibi yangu alikuwa anachemsha maharage yaliyolowekwa kwa nusu saa kamili kwenye babula, kisha anakitia chungu kizima, kikiwa kimefunikwa na bado kinatokota, ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu. Akakifunga na kwenda shamba. Akirudi baada ya saa nne hivi, yameiva na hayakushika chini hata kidogo. Kwa mtu anayetoka saa moja asubuhi na mama mkwe asiyeweza kuinama, hiki ndicho kifaa. Gharama yake ni kikapu na nguo kuukuu, na makala hupungua sana.

Mwalimu_wa_Kabare
Kikapu ni kizuri, ila msipunguze ile nusu saa ya kuchemsha. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, nayo huharibiwa na mchemko wa kweli. Joto la uvuguvugu haliiharibu. Na jioni mkiyatoa, yachemsheni tena kabla ya kula.

Wa_Kenya
Bado nasema gesi, kwa sababu mama wa watu atasimama wima mbele ya jiko na hatapumua moshi.

Fundi_wa_Panzi
Gesi yenyewe inatoka mbali, ndugu yangu, na mtungi ukiisha siku ambayo lori limechelewa, unarudi kwenye makala. Cha kuchekesha ni kwamba tunalala kando ya Ziwa Kivu, lenye gesi ya methani chini yake. Upande wa Rwanda, kule Karongi, mtambo wa KivuWatt unaigeuza kuwa umeme, megawati 26. Sisi tunaitazama kutoka ufukweni tukipepea babula.

Mama_Kadutu
Turudi jikoni, tafadhali. Hakuna aliyezungumzia sombe, na mwenye swali aliitaja. Je, sombe inaingia kwenye hiyo sufuria yenu ya presha?

Mwalimu_wa_Kabare
Inaingia, lakini si moja kwa moja. Majani ya muhogo yana kitu ambacho, majani yakitwangwa, hutoa sumu ya sianidi, na sumu hiyo hutoka pamoja na mvuke ikiwa chungu kiko wazi. Kwa hiyo twanga vizuri, chemsha bila mfuniko mpaka harufu kali ya majani mabichi iishe, ndipo ufunge presha ili ilainike. Anayefunga tangu mwanzo anaifungia sumu njia. Wengine huyababua majani kwenye maji ya moto kabla ya kutwanga ili yalainike. Mimi napendelea kutwanga kwanza, kwa sababu kimeng'enya kinachoachilia sumu hiyo kinakufa kwa moto kabla hakijafanya kazi yake.

Mama_Kadutu
Mwalimu, kwetu tunababua kwanza, tunamwaga yale maji, tunatwanga, na sombe inakaa motoni saa tatu chungu kikiwa wazi. Mama yangu alifanya hivyo na alizikwa na miaka themanini na minne.

Mwalimu_wa_Kabare
Mama, kumwaga maji na saa tatu za chungu wazi ndivyo vilivyomlinda. Ninachoogopa ni mtu achukue nusu ya desturi yenu, ababue kisha afungie dakika ishirini kwenye presha.

Wa_Kenya
Na mafuta je? Ukiwa na mgonjwa wa presha nyumbani, watu hukimbilia kuondoa mawese kabisa. Nadhani ni kosa, kwa sababu vitamini A ya kwenye majani haifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo, na mawese mekundu yenyewe yana karotini. Tatizo ni wale wanaoyaunguza mpaka yawe meupe, hapo rangi imekwenda pamoja na faida yake.

Mjukuu_wa_Idjwi
Kidogo ni kijiko au ni kikombe? Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mazito, yasiyofaa kwa moyo yakizidi. Kwa watu tisa mimi natia vijiko vitatu vya kulia kwenye chungu kizima, mwishoni, nikiwa nimeshapunguza moto. Na chumvi ndiyo ya kuchunga zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na humo zinahesabiwa zile zilizomo kwenye vipande vya kukolezea supu ambavyo tunavitupa chunguni viwili viwili. Wale dagaa wa ziwani tunaowaita sambaza, wakiwa wakavu na kusagwa, kitunguu saumu na ndimu vinaweza kuchukua nafasi hiyo. Ndimu pia husaidia mwili kupokea madini ya chuma ya maharage, na ndiyo sababu chai nayo ingojee kidogo baada ya chakula, maana inafanya kinyume chake.

Nyumba_ya_Ibanda
Nimerudi baada ya siku tano. Nilimwazima dada yangu sufuria yake ya umeme nijaribu. Jumanne maharage yaliiva kwa dakika ishirini na tano, na mama mkwe alikubali kwamba hajawahi kuona. Jumatano disjonkta ilianguka mara mbili, na mpangaji wa juu akashuka mwenyewe kunisalimia kwa sauti ambayo sitaiandika hapa. Alhamisi mama mkwe alisema kwamba mtu mwenye presha hawezi kukaa chumba kimoja na sufuria yenye presha, akaomba kikapu. Leo nimetafuta majani ya migomba, lakini bado sijaiondoa gesi kichwani, hasa kwa ajili ya lengalenga za jioni nikirudi nimechoka.

Swali dogo kabla ya Jumamosi: maji ya lengalenga mnayamwaga au mnayaacha?

Wa_Kenya
Usiyamwage, vitamini zimo humo.

Mwalimu_wa_Kabare
Inategemea. Lengalenga zina asidi inayoshika kalisi, na sehemu yake hutoka na maji. Kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kuwa na mawe kwenye figo, mwaga.

Mama_Kadutu
Maji gani hayo? Lengalenga zikishaoshwa zinapikwa kwa maji yaliyobaki kwenye majani. Nani aliwafundisha kuongeza maji?