Kolonoskopi "safi", nitajuaje kama daktari aliangalia kweli?

MamaTatu
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina miaka 47, niko Ohio. Daktari wangu kanisukuma mwaka mzima nikapime utumbo mpana kwa kamera, ndiyo kolonoskopi, maana huku siku hizi wanaanza na 45. Nimeenda wiki iliyopita. Lidawa lile la kusafisha utumbo jamani! Galoni nzima. Nililimaliza lote jioni ili nisiamke alfajiri kulinywa. Wakanilaza, nikaamka, daktari akachungulia mlangoni: "Safi, tuonane baada ya miaka 10." Basi, kaondoka.

Sasa shemeji yangu aliambiwa hivyohivyo, na miaka mitatu baadaye akakutwa na saratani. Ndiyo maana silali. Ripoti yangu inasema wamefika sekamu, kuitoa kamera dakika 9, usafi Boston 1-2-2. Haya ndiyo nini?

NesiLikoni
Dada, mimi ni wa Likoni, lakini chumba cha kamera nimekisimamia Minnesota miaka 11. Nikujibu moja moja.

Sekamu ni mwanzo wa utumbo mpana, pale kidole tumbo kinapoota. Wamefika, vizuri. Dakika 9 nazo nzuri: ukaguzi wenyewe hufanyika kamera ikitolewa, na tangu 2024 vyama vya madaktari wa Marekani vinataka wastani usipungue dakika 8 kwa wasiokatwa kitu. Zamani ilikuwa 6.

Kilichonifanya niweke chai chini ni hiyo 1. Boston ni alama za usafi: utumbo hugawanywa mara tatu, kulia, katikati, kushoto, kila upande alama 0 (mchafu) hadi 3 (safi). Kulia kwako ni 1, yaani kuna ukuta haukuonekana kwa sababu ya kinyesi. Na kulia ndiko vinyama bapa hujificha, vimejifunika ute, hata utumbo ukiwa safi unaweza kuvipita. Upande wowote ukiwa chini ya 2, mwongozo ni kurudia ndani ya mwaka 1. Miaka 10 imetoka wapi?

Na dawa, mwaya, hainywewi yote jioni. Nusu jioni, nusu ya pili masaa manne hadi sita kabla ya kipimo. Hapo ndipo upande wa kulia unasafika.

BabuKigamboni
Nesi, utumbo tumeuelewa. Na mkono wa daktari mwenyewe unapimwaje? Fundi cherehani tunamjua kwa mshono.

NesiLikoni
Shikamoo babu. Unapimwa. Katika kila watu 100 wa miaka 45 na zaidi, ni wangapi amewakuta na adenoma, vile vinyama vinavyoweza kugeuka saratani? Sasa wanataka isipungue asilimia 35; awali ilikuwa 25. Utafiti wa California wa 2014 uliwafuatilia madaktari 136, kolonoskopi zaidi ya 314,000. Wa chini alikuwa asilimia 7, wa juu 52. Jengo moja pengine, mashine zilezile! Na kila asilimia 1 iliyoongezeka iliendana na hatari ya saratani kupungua kwa asilimia 3 kwa wagonjwa wake.

Ila kipimo hiki kina mwanya, na nimeuona kwa macho yangu. Mgonjwa mwenye kinyama kimoja anahesabiwa sawa na mwenye vinne, kwa hiyo daktari akishapata kimoja anaweza kulegea. Tena daktari aliyepima watu 30 tu, asilimia yake usiipe uzito.

BabuKigamboni
Marahaba. Kumbe cherehani tu.

MamaTatu
Nimepiga simu leo. Karani kaniweka kwenye laini dakika ishirini, kisha nesi wao akasoma ripoti, akanyamaza, akasema "ngoja". Narudia mwezi wa tatu, bila kulipa, na karatasi mpya ya dawa imeandikwa nusu nusu. Asilimia ya daktari nimeuliza. Wameniambia watanipigia. Nimeiandika kwenye friji, Jumatatu nauliza tena.