Taa nyekundu ya TV inakula umeme kiasi gani?

mpangaji_buguruni: Wakuu, habari za jioni. Nyumba ina vyumba vinne, LUKU moja, tunachanga kila mwezi. Jirani wa chumba cha mbele kanibandika jina la mla uniti, eti kwa sababu TV yangu nikiizima kwa rimoti inabaki na taa nyekundu. Yeye ana pasi na jagi la kuchemshia maji! Sasa anataka nichange zaidi. Hiyo taa inakula kiasi gani?

fundi_waya: Kama ni flati ya miaka ya karibuni, mara nyingi haifiki wati 1. Ulaya tangu 2013 vifaa vingi vya nyumbani vinaruhusiwa nusu wati tu vikiwa katika hali hiyo. Nusu wati mwezi mzima haifikishi hata nusu uniti. Chaja isiyo na simu ndiyo usihangaike nayo kabisa. Ila king'amuzi na sabufa hujavitaja. Unavyo?

mpangaji_buguruni: Ninavyo. Navyo nazima kwa rimoti.

fundi_waya: Hapo sasa. Asubuhi kabla hujawasha kitu, weka kiganja juu ya king'amuzi. Kikiwa na joto, ujue kimekesha. Vingi ukivizima kwa rimoti vinakata picha tu. Na sabufa nyingi za bei chee swichi yake iko baada ya transfoma, kwa hiyo transfoma inabaki kwenye umeme. Tega sikio utaisikia inavuma. Siku majirani hawapo, chomoa friji, tazama kitaa kinachopepesa kwenye mita. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1000 kwa uniti moja, chukua 3600 ugawe kwa sekunde za kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Jibu ni wati.

mpangaji_buguruni: Leo wote wako harusini, nimepima. Sekunde 150, yaani wati 24! Nimezima king'amuzi na sabufa ukutani, kitaa kimegoma kupepesa mpaka nimechoka kusimama.

mama_wa_mahesabu: Wati 24, hata ukitoa saa za kuangalia tamthilia, ni nusu uniti kwa siku, 15 kwa mwezi. Pasi ya wati 1000 ikipigwa saa nzima haimalizi uniti moja, na nani anapiga pasi saa nzima kila siku? Jirani kakosea taa, hajakosea chumba 😂 Zima ukutani. Halafu muombeni mwenye nyumba aruhusu mita ndogo kila chumba, Kariakoo zipo, fundi anafunga. Friji tu usiizime usiku.