Boksi la vipande 108 au nianze na spana chache nzuri? Mi ndo naanza, na nasafiri na pikipiki

MwanzoMpya:

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela yangu.

Nimeanza kujitegemea miezi michache iliyopita na kila kitu kikilegea ndani inabidi nikaazime bisibisi kwa jirani, wiki iliyopita nimemgongea mlango mara tatu mpaka nikaona aibu maana yeye mwenyewe anazitumia kazini. Alafu nina pikipiki ya Kijapani, injini ndogo, natembea nayo safari ndefu za siku mbili tatu na chini ya siti hamna kitu zaidi ya spana ya plagi iliyokuja nayo.

Sasa nimeona boksi moja online lina vipande 108, ndani kuna soketi zile za kuvalisha juu ya nati, racheti mbili (mipini ya kuzungushia soketi), vichwa vya bisibisi vya kila aina, limepangwa vizuri na bei yake naimudu. Pembeni limeandikwa Cr-V. Kwa bei hiyohiyo naona naweza kupata spana kama nane hivi, praisi moja na bisibisi mbili za kampuni inayoeleweka. Kichwa kinauma, 108 dhidi ya 11!

Ningekuwa nyie mngechukua lipi? Na je inawezekana kuwa na seti moja ya nyumbani na ya safari kwa pamoja?

Spana13:

Mkuu karibu. Umefanya jambo la maana kuuliza kwanza, wengi tumenunua ndo tukauliza.

Fungua ile picha ya boksi uikuze alafu hesabu mwenyewe. Kila kichwa kidogo cha bisibisi kinahesabiwa kipande. Kila alenki, ile funguo ya kona sita inayoingia ndani ya kichwa cha bolti, kipande. Kile kiungio cha kushikia vichwa nacho kipande. Ukishatoa hivyo utakuta soketi unazoweza kutumia kweli kwenye pikipiki yako hazifiki kumi, na kati ya hizo kumi kuna tano ndo zitafanya kazi kila siku. Pikipiki ya Kijapani karibu nati zake zote ni za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Ukiwa na hizo sita umemaliza sehemu kubwa ya kazi, namba 11 na 15 zitalala kwenye boksi zikiwa mpya. 13 nayo utaikuta zaidi kwenye vitu vya Ulaya na vifaa vya nyumbani.

Kwahiyo kabla ya kununua chochote, chukua kalamu na karatasi uizunguke pikipiki, azima spana kwa huyohuyo jirani mara ya mwisho, pima nati moja moja uandike. Ekseli ya tairi ya nyuma, mirija ya ekzosti, betri, kioo, bolti ya kumwagia oili, mnyororo. Ukimaliza ingia ndani uangalie kitanda, meza, bawaba za milango, bomba. Hiyo karatasi ndo seti yako, sio picha ya muuzaji.

Kuhusu Cr-V, maana yake ni chuma kilichochanganywa na kromu na vanadiamu, na ni chuma kizuri kwa spana na soketi. Ila herufi peke yake haikulindi, mtu yeyote anaweza kuzigonga, na hata kama mchanganyiko ni wa kweli, chuma kikipikwa vibaya kwenye moto kinakuwa laini kikafunguka mdomo au kinakuwa kigumu sana kikapasuka. Nimeshawahi kufungua bolti ya kumwagia oili kwa soketi ya seti rahisi, soketi ikapanuka, kona zote za bolti zikalika ikawa duara, nikatumia siku nzima kuitoa kwa tindo na nikalazimika kununua bolti mpya. Kifaa kibaya kinaharibu na kile unachokitengeneza, hiyo hasara haiandikwi kwenye bei ya boksi.

Ukienda dukani ukazishika mwenyewe, angalia mambo haya. Kwenye soketi chungulia ndani, chukua ya kona sita uache ya kona kumi na mbili, ya sita inakamata ubavu wa nati na haili kona haraka. Racheti izungushe sikioni, yenye meno 72 inashika kila nyuzi 5, yenye meno 24 mpaka uizungushe nyuzi 15 ndo ishike, na pikipikini kuna sehemu mkono hauna nafasi ya nyuzi 15. Spana mdomo ijaribu kwenye nati ya saizi yake, ikicheza iache hapohapo.

BoksiZima:

Naheshimu alichosema Spana13 ila nitapinga kidogo. Mi nilianza na boksi la vipande vingi na sijutii, kwasababu anayeanza HAJUI atahitaji nini. Leo ni kitanda, kesho feni, keshokutwa baiskeli ya mtoto wa dada. Ukiwa na nane tu, siku unahitaji ya tisa ni usiku na duka limefungwa. Boksi lilinifundisha majina ya vitu, nilikuwa sijui hata kama kuna bisibisi ya Torx mpaka nilipoikuta mle ndani nikajiuliza hii nyota ya kona sita ni ya nini.

Nilichofanya ni kwamba kila kipande kilichovunjika au kulika nilikibadilisha kwa kizuri. Mpaka sasa nimebadilisha racheti, soketi namba 10, 12 na 17, na bisibisi ya nyota ya kati. Vingine vyote bado ni vilevile.

Spana13:

@BoksiZima hapo umeongea point na naikubali nusu. Ila umeona orodha yako? Ulivyobadilisha ndo vilevile ninavyomwambia anunue vizuri tangu mwanzo. Wewe umelipia mara mbili.

Kwa matumizi ya ndani tu ningemwambia sawa chukua boksi, kitanda kikigoma hakuna anayelala barabarani. Huyu anasafiri. Soketi namba 17 ikipasuka porini hakuna cha kubadilisha.

PedaliMbili:

Kaka MwanzoMpya mi ni mwendesha baiskeli wa safari ndefu, nabeba kila kitu mgongoni kwahiyo uzito naujua vizuri. Swali lako la seti moja ya nyumbani na safari, jibu langu ni hapana. Kuwa na mifuko miwili, na uanze na wa safari kwasababu ndo unaobana.

Acha boksi la plastiki nyumbani. Linakula nafasi, linagongagonga na mtikisiko unafanya soketi ziruke kwenye vishimo vyake, ukilifungua zote ziko chini kwenye mchanga. Shona au nunua kile kitambaa cha kukunja chenye mifuko mirefu mirefu, kila spana na mfuko wake, unakizungusha unakifunga kamba. Hakilii, kinaingia chini ya siti, na ukikitandaza chini unakuwa na mahali pa kuweka nati zisipotee. Ukimaliza kazi, mfuko ulio wazi unakuonyesha mara moja ni spana gani umeisahau kwenye majani. Hiyo peke yake imeniokoa mara nyingi sana.

Mimi kwenye baiskeli nabeba alenki 4, 5 na 6, Torx T25 ya breki za diski, kifaa cha kukatia mnyororo, viinua tairi viwili na praisi ndogo. Basi. Kwako ongeza spana za zile namba za pikipiki, na zile zenye mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili. Soketi na racheti safarini sio lazima, spana haina kitu cha ndani cha kuharibika.

Na kama siku moja utasafiri kwa ndege nazo, weka kwenye begi la kukabidhi, usiingie nazo ndani. Marekani kifaa chochote cha namna hiyo kinachozidi inchi 7 hakiruhusiwi kwenye begi la mkononi, na Uingereza ni kali zaidi, bisibisi yenye shina linalozidi sentimita 6 haipiti. Nimeshaona mtu anaacha spana zake nzuri pale kwenye ukaguzi, inauma kuangalia.

MwanzoMpya:

Asanteni sana wakuu, sikutegemea majibu ya hivi. Nimefanya zoezi la karatasi la Spana13 leo asubuhi. Pikipiki imetoka na 8, 10, 12, 14, 17 na 19 kama alivyosema!! Namba 10 ziko nyingi mno nimeacha kuhesabu. Ndani ya nyumba ni bisibisi ya nyota, alenki 4 na 5 kwenye kitanda na meza, na 13 mbili kwenye stendi.

Maswali mawili yamebaki. Kwanza spana malaya, naona inafunga saizi zote, si ningechukua hiyo moja nikaacha nyingine zote? Pili kuna skrubu za nyota kwenye pikipiki, bisibisi ya jirani inateleza, nikikandamiza inaruka na inaanza kula kichwa. Nimeacha kabla sijaharibu.

Spana13:

Umefanya vizuri kuacha.

Skrubu kwanza. Nyota unazoziona zinafanana lakini sio moja. Kuna Phillips, ambayo saizi yake ya kawaida ni PH2, na hiyo umbo lake linasukumwa nje ukizidisha nguvu. Kuna Pozidriv, yenye vimistari vinne vidogo kati ya mikono ya msalaba. Na kuna ya Kijapani, JIS, ambayo mara nyingi ina kidoti kidogo kilichobonyea kwenye kichwa cha skrubu. Kaichungulie pikipiki yako, nina uhakika mkubwa utaona kidoti. Bisibisi ya Phillips haikai mpaka chini kwenye JIS, ndomana inaruka. Nunua bisibisi moja ya JIS namba 2, inafungua na Phillips pia bila shida. Kama skrubu imeganda, weka bisibisi, igonge kichwani kwa nyundo mara mbili tatu ndo uzungushe, mwili mzima ukiwa juu yake, kukandamiza kwanza kuzungusha baadae.

Spana malaya ibebe ila iwe ya akiba. Mdomo wake unacheza, na kwenye nati iliyokaza inakula kona. Ukiitumia ikaze mpaka ishike kabisa, alafu uivute kuelekea upande wa mdomo unaotembea, ili nguvu ibebwe na ule mdomo uliosimama. Watu wengi wanaivuta kinyume na ndo inapofunguka. Kwenye ekseli ya tairi usiiguse, hapo tafuta spana ringi 17 au 19 yenye mpini mrefu. Mpini ukiwa mrefu mara mbili nguvu yako inahitajika nusu, na pale ulipo peke yako barabarani hiyo ndo tofauti ya kuondoka na kulala hapo.

WayaMwekundu:

Naongeza moja tu kwasababu mtu ameandika feni hapo juu na imenishtua. Mpini wa mpira au wa plastiki sio kinga ya umeme. Bisibisi na praisi zilizopimwa kwa kazi ya umeme zina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, zinafuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60900. Hizo za kwenye boksi la vipande 108 usiziamini hata kama mpini ni mnene. Na hata ukiwa na zenye alama, zima umeme kwenye swichi kuu, pima kwa testa, ndo uguse. Nimezika rafiki kwa jambo hili, sitaki kulisoma tena mahali.

MwanzoMpya:

Pole sana WayaMwekundu. Umeme siugusi, nitaita fundi.

Kidoti kipo! Kwenye skrubu zote za kava la pembeni.

Basi nimeamua. Spana sita za pikipiki zenye mdomo na ringi, na 13 moja ya zile stendi. Bisibisi ya JIS moja, bisibisi bapa moja, praisi, alenki zile za kukunjwa kama kisu, na spana malaya ndogo. Vitaingia kwenye kitambaa, mama ana cherehani nitamuomba anishonee. Ile ringi ndefu ya ekseli nitaongeza mwezi ujao. Boksi nimelitoa kwenye kikapu.

PedaliMbili kitambaa cha aina gani hakichaniki na ncha?

PedaliMbili:

Turubai la pamba, lile zito. Mwambie mama ashone mishono miwili chini ya kila mfuko, ndo panapotoboka kwanza, na aache ulimi wa juu wa kufunika midomo ya mifuko kabla ya kukunja, la sivyo bisibisi inachomoka njiani. Kabla ya kuzipanga pangusa kila spana kwa kitambaa chenye oili kidogo sana, hasa ukitembea kwenye mvua, na ukirudi nyumbani kifungue kikauke usikiache kimekunjwa na unyevu.