Mjadala: Bikira Maria alikingiwa nini hasa?

Mtu wa Tudor
Jana kwenye feri ya Likoni mwenzangu wa kazini, Mwothodoksi, alinibana kwa swali, na mpaka tunateremka ng'ambo sikuwa na jibu. Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa. Kila tarehe 8 Desemba twaadhimisha Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, yaani tangu kutungwa mimba alikingiwa ile dhambi tunayozaliwa nayo kwa ajili ya Adamu, nami nilidhani wenzetu wanalikataa fundisho hilo kwa kutompa Mama heshima. Kumbe wao humwita Panagia, mtakatifu kupita wote, na tarehe 9 Desemba wana sikukuu ya Anna kumchukua mimba! Aliniuliza hili tu: "Alikingiwa nini?" Wenye elimu nisaidieni. Matusi bakini nayo.

Mwothodoksi Kisauni
Mwenzako ameuliza penyewe. Tazama Warumi 5:12. Augustino, yule mwalimu wa kale wa Kanisa la magharibi, aliisoma kwa Kilatini, "ambaye ndani yake wote walifanya dhambi", yaani ndani ya Adamu. Biblia yetu ya Kiswahili yasema mauti iliwafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi", na Kigiriki chakubali usomaji huo. Sisi twasema Adamu alituachia mauti na udhaifu, hakutuachia hatia. Mtoto wa mlevi harithi kesi ya babake, hurithi nyumba iliyokwisha kuuzwa. Maria naye alikufa kama sisi, na tarehe 15 Agosti twaadhimisha kulala kwake. Kama deni halikuwepo, ngao ya nini?

Katekista Mstaafu
Mwanangu, nyumba iliyouzwa ni mfano wetu huo! Soma Katekisimu namba 405: dhambi ya asili si kosa binafsi la mtoto wa Adamu, ni kukosa utakatifu ambao angezaliwa nao. Kukingiwa maana yake Maria hakukaa hata dakika moja bila neema hiyo, kwa stahili za Mwanawe. Nikiri pia, maana wengine huficha: Mtakatifu Bernardo alipinga sikukuu hii, na Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu wetu mkubwa, naye hakukubali kwamba Maria alikingiwa hivyo. Mwanateolojia Duns Scotus ndiye aliyefungua fundo: anayezuiwa asitumbukie shimoni ameokolewa kuliko anayetolewa humo. Papa Pius IX alilitangaza kuwa fundisho la imani mwaka 1854.

Barobaro wa Mji wa Kale
Samahanini, mgeni nabisha hodi. Sisi Waislamu hatuna dhambi ya kurithi kabisa, lakini katika Kurani, sura ya Aal Imran aya ya 36, mamake Maryam amkinga yeye na kizazi chake kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya shetani. Neno lenu hilo hilo, kinga. Ila msiichukue aya kuwa ushahidi wa Papa, tafadhali. Yazungumzia shetani, haizungumzii deni la Adamu.

Mwothodoksi Kisauni
Ahsante kwa kututangulia, maana najua kuna aliyekuwa ameshainyakua. Mzee Katekista, mimi langu ni uhuru wake. Kama aliumbwa tofauti na sisi tangu tumboni, neno lake kwa malaika, "na iwe kwangu kama ulivyosema", lina uzito gani? Ndiyo lake ni la ukoo wetu sote, hapo ndipo utamu ulipo. Na kwetu mababa wa Kanisa hawakusema kauli moja: Yohane Krisostomo, mmoja wao, akieleza Mathayo 12, alithubutu kusema Mama alitaka kujionyesha. Hatukumfuata hapo, wala hatukumfukuza.

Katekista Mstaafu
Hawa je? Aliumbwa bila doa, akaambiwa asile, akala. Kukosa dhambi ya asili hakukumnyima kuchagua. Basi Maria naye angeweza kusema hapana.

Mwothodoksi Kisauni
Hapo umenipata, mzee, sina la kusema juu ya Hawa. Linalonikwama ni jingine: jambo ambalo Thomas aliruhusiwa kulikataa akabaki mtakatifu, mimi nikilikataa baada ya 1854 naambiwa nimejitenga na imani. Lilikuwa kweli siku zote, au lilianza kuwa lazima siku Papa alipotia sahihi?

Mtu wa Tudor
Hilo nalo ataniuliza leo jioni, naona tu. Katekista, uko wapi?

Katekista Mstaafu
Nipo, naandika. Hili si la mstari mmoja, na kengele ya misa imeshalia.